Nguva Mdogo kwa sauti, barazani Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi baada ya Isha, kwenye baraza yetu mtaa wa Langoni, tunaweka spika ndogo juu ya kigoda, watoto wanakaa jamvini, na ngano iliyorekodiwa inaanza. Ngano tuliyoanza nayo, na ambayo bado inaombwa kuliko zote, ni ya Nguva Mdogo: binti wa baharini, nusu mtu nusu samaki, anayempenda mwana wa mfalme na kumpa mchawi wa bahari ulimi wake ili apate miguu. Tuliitafsiri na kuirekodi wenyewe. Wazazi hunisimamisha sokoni, wengine huniandikia usiku, na maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa na majibu yangu. Penye maneno nimesema kwa kirefu, na pasipo na maneno nimepita.

Kitabu cha sauti ni kitu gani hasa?

Ni kitabu kilichosomwa chote, neno kwa neno, na sauti ya msomaji ikarekodiwa. Si mchezo wa redio wenye waigizaji kumi na milio ya radi. Jambo lenyewe si la jana. Thomas Edison aliponasa sauti yake kwa mashine aliyoibuni mwaka 1877, maneno aliyoyasema yalikuwa ya shairi la watoto. Miaka ya 1930 Marekani na Uingereza zikaanza kutoa vitabu vizima kwenye santuri kwa ajili ya wasioona. Baadaye zikaja kaseti, kisha CD, na sasa simu iliyo mfukoni mwako.

Kwa nini msiwasimulie wenyewe? Bibi wa Lamu wameisha?

Hawajaisha, alhamdulillahi. Swali hili ndilo lililonifundisha kazi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Usiku wa kwanza nilibonyeza, nikarudi nyuma nikakaa. Nilidhani kazi imekwisha. Watoto walinyamaza kama waliokuja kuzuru mgonjwa. Msomaji alisoma vizuri, sauti ilikuwa safi, lakini baada ya robo saa wawili walikuwa wamelala na mmoja alikuwa akichora mchangani kwa kijiti. Mwisho wa ngano hakuna aliyeuliza lolote.

Wiki ya pili akaja bibi wa nyumba ya pili, akasikiliza kidogo, akasema, "Mwanangu, huyu wako asema peke yake. Mbona hapumziki watu wakamjibu?" Akaninyang'anya simu, akaisimamisha sauti. Akageukia jamvini: "Paukwa!" Watoto wote: "Pakawa!" Wale wawili waliolala wakaamka. Akauliza, "Haya, binti yuko wapi sasa? Na bibi yake amwambia nini?" Wakajibu kwa pamoja, wakabishana, akawaachia wabishane, halafu akairudishia sauti nafasi yake.

Tangu usiku ule hatuachi rekodi iende moja kwa moja hadi mwisho. Ngano ya kwetu haijawahi kuwa ya mtu mmoja kusema na wengine kunyamaza, na kuwa imetoka ndani ya simu si sababu ya kuibadilisha adabu hiyo. Rekodi inatupa ngano ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua kwa moyo. Kuitikia, kuuliza, kubisha na kucheka kunatoka kwa waliokaa. Yule bibi anajua ngano zake nyingi, na usiku mwingine husimulia yeye na spika hukaa ndani. Ya Nguva Mdogo hakuwa nayo. Sasa anayo.

Ngano hii ni ya nani, na ya lini?

Ni ya Hans Christian Andersen wa Denmark, aliyezaliwa Odense mwaka 1805 na kufariki mwaka 1875. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake akifua nguo za watu. Ngano hii ilitoka mwaka 1837. Ndugu Grimm wa Ujerumani walikusanya ngano zilizokwisha kusimuliwa na watu, lakini hii Andersen aliitunga mwenyewe. Naye alipenda sana kuwasomea watu ngano zake kwa sauti katika majumba ya Copenhagen, kwa hiyo kuisikiliza ni kuirudisha pale alipoipenda mwenyewe.

Mbona mwisho si kama ule wa katuni?

Kwa sababu filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1989 ilibadilisha mwisho, binti akaolewa. Kwa Andersen haolewi. Mwana wa mfalme anaoa binti wa nchi jirani, akidhani ndiye aliyemwokoa siku jahazi lilipovunjika. Dada za binti wanakata nywele zao, wanampa mchawi wa bahari, wanapewa kisu. Binti akimchoma yule kijana kabla ya jua kuchomoza, atarudi kuwa nguva na ataishi. Anakitupa kisu baharini. Anageuka povu, kisha anachukuliwa na mabinti wa hewa.

Kuna waliotuomba tukate hapo, tumwoze. Tumekataa, na nitaendelea kukataa. Mtoto aliyesikia kwamba binti alikuwa na kisu mkononi, mlango wazi, mtu amelala, na bado hakumdhuru, amesikia jambo kubwa. Ukimwoza kwa nguvu, kile kisu hakina kazi tena.

Haitishi? Inafaa umri gani?

Inatisha mahali pawili: pale ulimi unapokatwa, na pale kila hatua ya miguu mipya inapouma kama kukanyaga visu vikali. Mimi nasema miaka saba kwenda juu kwa ngano nzima. Walio chini ya hapo waache wasikie vipande viwili vya mwanzo, vyenye bustani za mabinti sita chini ya bahari na siku ya kila mmoja kupanda juu akitimiza miaka 15. Ni vitamu na havina kisu.

Nakumbuka usiku tulipofika kwenye ulimi. Msichana wa miaka minane aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akabaki hivyo mpaka kipande kikaisha. Alipoondoa mikono, neno lake la kwanza lilikuwa: "Sasa si angemwandikia barua?" Kijana mmoja akamjibu, "Nguva hawendi chuoni," yaani madrasa. Wakabishana karibu dakika kumi: kama aliweza kuandika kwa kidole mchangani, kama mwana wa mfalme angejua kusoma maandishi ya baharini, kama dada zake hawakuweza kumsemea. Ile hofu iliisha yenyewe kwenye ubishi. Ndiyo maana nasema usimwache mtoto na kipande kile peke yake kitandani na visikizi masikioni.

Mna mchawi na habari za roho humo. Dini inasemaje?

Mimi si mwanachuoni, na mwenye shaka amuulize mwalimu wake wa chuo. Ninachoweza kueleza ni kilichomo. Katika ngano, nguva huishi miaka 300 kisha wakawa povu, hawana roho ya kudumu, na binti anaitamani roho hiyo kama anavyomtamani mwana wa mfalme. Hayo ni mawazo ya mtunzi Mkristo wa karne ya 19, na watoto tunawaambia hivyo waziwazi kabla ya kuanza: hii ni ngano, imetungwa na mtu, si mafundisho. Ngano za bibi zetu zenyewe zina majini, na nyoka wenye vichwa saba, na paa anayesema. Hakuna aliyezichanganya na darasa la chuoni.

Mwezi wa Ramadhani hatukutani. Usiku una taraweh.

Nguva si samaki mkubwa? Mbona ana nywele na mikono?

Hili huulizwa na wazee zaidi kuliko watoto, na wana haki. Kiswahili kina neno moja kwa viumbe wawili. Nguva wa kweli ni mnyama wa baharini, ananyonyesha, anakula majani yaotayo chini ya maji, na upande huu wa kaskazini mwa Lamu wavuvi wa zamani walimjua vizuri. Sasa amebaki nadra sana. Nguva wa pili ni huyu wa ngano, nusu mtu nusu samaki.

Mwanzo nilitaka kulikwepa neno, niseme "binti samaki". Tukaliacha kama lilivyo, na sina majuto. Mtoto wa hapa akisikia "nguva" haoni picha ya Copenhagen. Anaona kisiwa cha Manda, anaona mlango wa bahari wa Shela, anamuuliza babu yake, "Wewe ulimwona?" Na kuna mababu wanaojibu, "Nilimwona." Usiku huo ngano inaondoka Denmark ikalala hapa.

Je, mmebadilisha vitu vya kizungu ili watoto waelewe?

Kidogo, na ruhusa tumeipata ndani ya ngano yenyewe. Wale mabinti sita wana bibi yao anayewalea, na yeye ndiye msimulizi wao. Anawahadithia miji, meli, wanadamu na wanyama wa nchi kavu. Anapofika kwa ndege wanaoimba mitini, anawaita samaki, kwa kuwa wajukuu wake hawajaona ndege hata siku moja na wasingemwelewa. Nilipofika hapo nikitafsiri, nililiweka daftari chini. Kumbe ndiyo kazi niliyokuwa nayo mimi mwenyewe.

Basi tukafanya kama yule bibi. Andersen anaanza kwa kuifananisha rangi ya bahari na ua la samawati linaloota mashambani kwao. Hatukulitafutia jina. Tulisema "samawati kuliko ua lolote ulilopata kuliona." Kina cha bahari anakipima kwa minara ya makanisa iliyopandishwa mmoja juu ya mwingine. Tukasema minara tu, na kila mtoto hupandisha mnara anaoujua. Lakini majumba, taji, meli ya milingoti mitatu na fataki za siku ya kuzaliwa ya mwana wa mfalme tumeviacha. Mtoto ana haki ya kukutana na kitu asichokijua.

Chaza nao tumewaacha, tena kwa furaha. Yule bibi wa baharini huvaa chaza kumi na wawili mkiani kuonyesha ukubwa wa daraja lake, wakubwa wengine huruhusiwa sita tu. Binti anapotimiza miaka 15 anapachikwa wanane, na anapolalamika kwamba wanambana anaambiwa urembo una maumivu yake. Wanawake waliokaa nyuma wakaangua kicheko pamoja. Aliyewahi kusingwa, kupakwa hina na kukalishwa kama bibi harusi wa Lamu hahitaji maelezo ya ziada.

Rekodi ni ya Kiamu au Kiswahili sanifu? Sitaki mwanangu apoteze Kiamu.

Vyote viwili, sanifu na Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Msimulizi anasoma Kiswahili cha shuleni, na kimewasaidia watoto kwenye insha zao. Bibi wa baharini tulimpa Kiamu. Anaposema "mwanangu, nti ya yuu ina zitu zingi", yaani nchi ya juu ina vitu vingi, watoto hugeuka kumtazama bibi wa nyumba ya pili, maana sauti iliyomo ni yake, baadaye tulimrekodi yeye. Mtoto hapotezi "mato" na "ndia" kwa kusikia "macho" na "njia". Anazipoteza akisikia kwamba Kiamu ni cha jikoni tu na hakifai kitabuni.

Ni ndefu kiasi gani? Itanila bando?

Yetu ni dakika 80, imekatwa vipande sita. Usiku mmoja tunasikiliza vipande viwili, mara nyingine kimoja kikinoga.

Kuhusu bando: faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 29 kwa saa, na kwa sauti ya mtu anayesoma kiwango hicho kinatosha kabisa. Ngano nzima ni kama MB 38. Ukichukua ya kilobiti 128 utalipa mara mbili na sikio halitaona tofauti kwenye spika ndogo. Ipakue mara moja, usiisikilize ukiwa mtandaoni kila siku, hapo ndipo bando huyeyuka. Simu ya kubonyeza yenye nafasi ya memori kadi inatosha. Kadi ya GB 16 hubeba zaidi ya saa 500 za sauti ya namna hii.

Rekodi za bure zinapatikana wapi?

Mahali pa kwanza ni tovuti ya LibriVox, iliyoanza mwaka 2005. Ni watu wanaojitolea duniani kote kusoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Andersen yumo, Grimm wamo, kwa Kiingereza na lugha nyingine nyingi. Kila kitu ni bure, hakuna kujiandikisha. Jua tu kwamba wasomaji ni watu wa kawaida: mmoja atakuvuta mpaka alfajiri, mwingine atasoma kama anayekimbizwa. Jaribu dakika mbili kabla ya kupakua.

Za Kiswahili ni chache, na hii ndiyo sababu tulijirekodia.

Tahadhari moja. Niliwahi kununua memori kadi dukani, imeandikwa hadithi mia za watoto. Nyingi zilikuwa zimekatika kabla ya mwisho, na karibu zote zilisomwa na sauti ya kompyuta. Muulize muuzaji akufungulie mbili tatu mbele yako.

Sauti ya kompyuta ina ubaya gani? Siku hizi inasema Kiswahili vizuri.

Inasema maneno vizuri. Ngano haijui. Mpe neno "barabara": ukikaza silabi ya tatu ni njia, ukikaza ya pili ni sawasawa. Mtu anayeielewa sentensi hakosei, mashine hubahatisha. Na pale binti anapokitupa kisu, msomaji wetu alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, bila kuandikiwa popote kwamba anyamaze. Watoto pale jamvini huvuta pumzi pamoja naye. Kwa habari au kwa maelezo ya dawa, sauti ya kompyuta inafaa. Kwa ngano ya mtoto, bora babake anayejikwaa kwaa kusoma.

Naruhusiwa kusoma na kurekodi mwenyewe?

Ngano ya Andersen, ndiyo. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, naye amefariki tangu 1875. Unachopaswa kuchunga ni tafsiri. Mfasiri naye ana haki yake, hivyo kitabu cha Kiswahili ulichonunua dukani jana huwezi kukisoma, ukakirekodi na kukisambaza bila idhini. Sisi tulitafsiri wenyewe kutoka Kiingereza cha mfasiri H. P. Paull kilichotoka mwaka 1872, ambacho muda wake umekwisha zamani. Kusomea wanao nyumbani, bila kusambaza, soma chochote.

Tunarekodije bila studio?

Hapa nitakaa kidogo, maana tulikosea mengi.

Nyumba za mawe za hapa zina faida na hasara. Kuta za matumbawe ni nene, kelele za nje haziingii kirahisi. Lakini lipu ya chokaa ni ngumu, na sauti ikiigonga inarudi. Rekodi yetu ya kwanza ilisikika kama mtu aliyetumbukia kwenye birika la kuhifadhia maji. Tulichofanya: tukachagua chumba cha ndani kabisa, tukasimamisha magodoro mawili ya pamba ukutani, tukatundika blanketi nyuma ya msomaji, na vidaka vya ukutani tukavijaza kanga zilizokunjwa. Mwangwi ukafa.

Simu tuliiweka umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, ikae kidogo pembeni, si usoni moja kwa moja, kwa sababu herufi p na b hupuliza upepo unaopasua sauti. Iweke katika hali ya ndege. Sisi ujumbe mmoja ulituharibia kipande kizima. Zima feni. Msomaji asivae bangili, na kila mwisho wa ukurasa anyamaze, ageuze, ndipo aendelee.

Saa ni kila kitu. Asubuhi kuna mashine za boti na wapakiaji, alasiri kuna watoto, na katikati kuna adhana ambazo hatutaki kuzikata wala kuzifunika. Tulirekodi kuanzia saa nne usiku. Waliobaki ni punda, na hao hawana ratiba. Kwenye kipande cha nne utamsikia mmoja analia kwa mbali, pale binti anapopanda ngazi za marumaru. Tulikuwa tumechoka, hatukurudia. Watoto humngoja, na akilia hupiga makofi.

Kukata na kuunganisha tulitumia Audacity, programu ya bure ya kompyuta. Kazi yote ilituchukua siku tisa kwa rekodi ya dakika 80.

Spika au visikizi?

Spika, kama mko wawili au zaidi. Ngano si siri. Visikizi ni vya safarini, au mgonjwa akiwa chumbani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 75 kwa watoto, saa 40 kwa wiki. Nyumbani huna kipimo, basi fanya hivi: kaa hatua moja kutoka kwake, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, punguza.

Mwanangu hatulii, anachezacheza.

Mwache acheze, mradi mikono ndiyo inayocheza. Watoto wetu wawili husuka ukili wakisikiliza, na ndio wanaokumbuka zaidi.

Akilala katikati?

Alale. Kesho anza pale anapopakumbuka, si pale sauti ilipofika.

Kusikiliza si uvivu wa kusoma?

Walimu wawili wameniuliza hivi, kwa nia njema. Kusoma ni kuyajua maandishi na kuielewa lugha. Kusikiliza hakufundishi maandishi, hilo kweli, lakini mtoto aliyezoea kusikia sentensi ndefu za kitabu hazimtishi atakapokutana nazo kwenye karatasi. Sisi tuna nakala sita zilizopigwa chapa, na anayetaka hufuata kwa kidole huku sauti inaendelea. Mmoja alianza akifuata picha tu. Sasa anatusahihisha msomaji akiruka neno.

Watu wazima wanakaribishwa?

Njooni. Mzee mmoja wa mtaa wetu, nahodha wa zamani ambaye macho yake yamekwisha nuru, huja kila wiki na kukaa pembeni ya mlango. Usiku tulipofika kwenye dhoruba inayovunja meli ya mwana wa mfalme, aliinua fimbo yake. Tukaisimamisha sauti. "Hawa walichelewa kutua tanga," akasema. Kisha akawaita vijana karibu, akawashikisha fimbo kama ndiyo foromali, mti wa tanga, akamweka mmoja kwenye demani, kamba ya tanga, mwingine kwenye usukani, akawaonyesha upepo unapogeuka ghafla nani anatangulia kufanya nini. Dakika ishirini nzima. Aliporidhika alirudi kukaa. "Haya, na izame sasa."

Ikazama.

Wasioona wana haki ya ziada ambayo wengi hawaijui: mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya imejiunga nao, unaruhusu vitabu kutengenezwa kwa sauti kwa ajili yao bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki. Mwenye mzazi asiyeona na alijue hilo.

Umeme ukikatika?

Spika yetu hukaa na chaji saa sita. Giza likiingia tunaendelea, na kwa kweli ngano hunoga zaidi.

Amerudia kuisikia mara kumi. Nimzuie?

Usimzuie. Msikilize anarudia wapi. Mwanangu mwenyewe hurudisha kila mara pale dada watano wanapoibuka juu ya maji, vichwa vimenyolewa, na kumwita mdogo wao. Sijamuuliza kwa nini. Juzi alimwambia dada yake mkubwa, ambaye anasoma Mombasa, arudi likizo.

Tukitaka kuja, tufanyeje?

Jumamosi, saa mbili usiku. Njoo na jamvi lako, letu limejaa. Kahawa chungu ipo, kashata alete anayeweza. Na bibi akisema "Paukwa", usinyamaze.